Drama queen, Karen, snowflake: Kiingereza kinavyomsema mtu anayekuza mambo

Septemba 2018, siku mbili baada ya Serena Williams kushindwa na Naomi Osaka kwenye fainali ya US Open jijini New York, gazeti la Herald Sun la Melbourne lilichapisha katuni ya mchoraji Mark Knight. Serena kachorwa akiwa hewani, mdomo wazi, anaikanyaga raketi iliyokwisha kuvunjika. Pembeni ya raketi, chini uwanjani, kuna kitu kidogo ambacho wengi wa nje ya Australia hawakukitilia maanani: chuchu bandia, ile ya plastiki anayopewa mtoto mchanga ili anyamaze.

Watu wakawaka. Wengi waliona katuni ile ni ubaguzi mtupu, kwa jinsi pua, midomo na mwili wa mwanamke mweusi ulivyochorwa kwa mtindo wa michoro ya kale ya Marekani iliyowakejeli Weusi. Malalamiko yalifika Baraza la Habari la Australia, nalo Februari 2019 likaamua kwamba gazeti halikuvunja kanuni zake. Baraza lilikiri kuwa wapo waliokwazika, lakini sehemu ya hoja yake ilikuwa ile chuchu. Mwaustralia akisema mtu amefanya "spit the dummy", yaani katema chuchu, anamaanisha mtu mzima aliyekasirika kitoto kwa sababu mambo hayakwenda atakavyo. Mchoro, kwa mujibu wa Baraza, ulikuwa unaonyesha msemo ambao wasomaji wengi wa Australia wanaujua. Binafsi naona chuchu haifuti pua na midomo. Mchoraji angeweza kuichora hasira ile bila kuigusa sura ya ukoo mzima. Lakini ni kweli pia kwamba nusu ya walioitazama katuni walikuwa wanasoma maneno ambayo nusu nyingine hawakujua kuwa yameandikwa.

Kiingereza kina debe zima la misemo ya mtaani ya kumsema mtu anayekuza jambo dogo. Tumeiokota kwenye filamu, mitandaoni, ofisini kwa wafanyakazi wenzetu wa kigeni au kwa ndugu walioko ughaibuni, na tunaitumia bila wasiwasi kwa sababu maana yake haina kona: yote inasema "unakuza mambo". Kona iko kwingine. Kila msemo umebeba hukumu juu ya nani anaruhusiwa kukasirika, kwa sauti ipi, na kwa jambo la ukubwa gani. Ukiubeba msemo ukaiacha hukumu, unaweza kumtukana mtu huku ukidhani unamtania, au ukatukanwa ukacheka.

Njia rahisi ya kuanza kufumbua ni kuuliza: msemo huu unalipiga jambo, au unampiga mtu?

Mkongwe wa misemo inayolipiga jambo ni "make a mountain out of a molehill". Fuko wa Ulaya akichimba njia zake chini ya nyasi husukuma udongo juu, na asubuhi mwenye bustani anakuta virundo vidogo vya udongo laini vimetapakaa. Hivyo ndivyo vinavyofanywa mlima. Sisi tunasema mtu kakifanya kichuguu mlima, na kichuguu cha kwetu kinaweza kumpita mtu kimo, kwa hiyo mkuzaji wa Kiswahili ana udhuru zaidi kidogo kuliko wa Kiingereza. Aliyeutia mlima huo katika maandishi ya Kiingereza ni Nicholas Udall, mwalimu na mtunzi wa tamthilia, mwaka 1548, alipokuwa akitafsiri ufafanuzi wa Agano Jipya ulioandikwa na Erasmus. Kabla ya hapo Wagiriki na Warumi walizoea kusema mtu kamfanya nzi tembo. Udall aliviweka vyote viwili katika sentensi moja: masofisti wa Ugiriki, alisema, kwa wingi wa maneno yao waliweza kumfanya nzi awe tembo na rundo la fuko liwe mlima. Kwa Waingereza tembo alikufa, ukabaki mlima. Warusi wao bado wanamfanya nzi tembo, na Wajerumani wanamfanya mbu tembo.

Ndugu yake ni "storm in a teacup", dhoruba ndani ya kikombe cha chai. Mmarekani anasema "tempest in a teapot", tufani ndani ya birika, na ukisikia mojawapo umeshajua msemaji kalelewa upande gani wa bahari. Chai imeingia juzijuzi tu katika msemo huu. Cicero, katika kitabu chake cha sheria, alimsema mtu aliyekuwa anavuruga mawimbi ndani ya upawa. Na mwaka 1678 bwana mkubwa mmoja, Duke wa Ormond, aliandika kwamba ugomvi wake na wenzake ulikuwa dhoruba ndani ya bakuli la malai. Chombo kinabadilika kufuatana na kilichopo mezani.

Misemo hii miwili ina adabu kiasi. Inazungumzia tukio, na wewe uliyemo ndani ya tukio unaachiwa nafasi ya kutoka. Huwezi kusema mtu fulani "ni" dhoruba ndani ya kikombe. Ni mgogoro, ni kelele za magazeti, ni wiki moja ya mabishano ya wabunge. Ndiyo maana waandishi wa habari wanaupenda, na ndiyo maana wasemaji wa serikali wanaupenda zaidi. Kashfa ikianza kuchemka, wa kwanza kusema ni dhoruba ya kikombe cha chai mara nyingi ndiye aliyeshika kikombe.

Ukivuka hapo unaingia kwa misemo inayompiga mtu, na huko ndiko kuna mambo.

Kundi moja linamrudisha mtu utotoni. Chuchu ya Waaustralia tumeiona. Mwingereza ana "throw your toys out of the pram": mtoto kakalishwa kwenye kigari chake, kakasirika, anarusha midoli nje mmoja baada ya mwingine ili mama ainame kuiokota. Husemwa juu ya kocha aliyesusa mkutano na waandishi, juu ya waziri aliyejiuzulu kwa kunyimwa wizara aliyoitaka, juu ya mchezaji aliyevua jezi baada ya kutolewa. Angalia kwamba hapa lawama si kukasirika peke yake, ni kususa. Kiswahili kina neno tayari, "kuzira", na yeyote aliyelelewa na wadogo zake anajua sahani inavyosukumwa mbali huku jicho moja linachungulia kama kuna atakayebembeleza. Msemo wa Kiingereza una jicho hilohilo ndani yake.

Hapa ndipo utaona hukumu inavyogawanyika. Juni 1981, raundi ya kwanza Wimbledon, John McEnroe aliona mpira wake umegusa mstari mpaka chokaa ikatimka, mwamuzi akasema umetoka nje. McEnroe akamfokea: "You cannot be serious!" Magazeti ya Uingereza yalikuwa yameshampa jina la Superbrat, yaani mtoto mdekezwa kupita wote, na alitozwa faini. Mwaka uleule alichukua ubingwa wa Wimbledon, na miaka ilivyopita maneno yale yakawa ndiyo chapa yake, yakaishia hata kuwa jina la kitabu cha maisha yake. Alisemwa kuwa mtoto, kisha utoto ule ukapendwa. Serena mwaka 2018 alipewa onyo la kufundishwa na kocha akiwa uwanjani, akanyang'anywa pointi kwa kuvunja raketi, akamwita mwamuzi mwizi, akanyang'anywa gemu nzima. Baada ya mechi alisema amewasikia wanaume wakiwaambia waamuzi mengi zaidi ya hayo, wala hawanyang'anywi gemu. Unaweza kubishana naye juu ya kanuni za tenisi, na wengi walibishana. Lakini msemo wa chuchu uliotumika kumpima ni uleule wa akina McEnroe, na matokeo hayakuwa yaleyale.

Si kila msemo wa hasira ni wa kukejeli. "Fly off the handle" ni wa Marekani ya karne ya 19, na picha yake ni shoka lililolegea mpini: unapiga pigo moja, kichwa cha shoka kinachomoka na kuruka. Yeyote aliyewahi kulima na jembe bovu hahitaji maelezo. Msemo huo unasema mtu kapandwa na hasira ghafla, basi. Haumwiti mtoto wala mwanamke. Upo pia "have a cow", wa Marekani, uliopata umaarufu kupitia mtoto wa katuni za televisheni, Bart Simpson, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambao leo unamzeesha anayeutumia. Na upo mmoja ambao ningeshauri uachwe ulale: "go postal". Unasikika kama utani juu ya watu wa posta. Asili yake ni mauaji ya Agosti 1986 huko Edmond, Oklahoma, ambako mfanyakazi wa posta aliwapiga risasi na kuwaua wenzake 14, yakafuatiwa na matukio mengine ya aina hiyo katika posta za Marekani. Kumwambia mwenzio ofisini kwamba bosi "atakwenda posta" akiona ripoti imechelewa ni kumcheka maiti pasipo kujua.

Kundi jingine limejaa wanawake, hata pale anayesemwa akiwa mwanamume.

"Don't get your knickers in a twist", anasema Mwingereza: usiache chupi ijisokote. Mmarekani anasema "panties in a bunch". Knickers na panties ni chupi za kike, na mwanamume akiambiwa hivyo, sehemu ya uchungu ni kwamba kavalishwa nguo si yake. Misemo ya kumtuliza mtu isiyomvalisha kitu ipo, na ina upole zaidi: "keep your hair on" kwa Waingereza, bakisha nywele zako kichwani; "keep your shirt on" kwa Wamarekani, yaani usivue shati ukataka kupigana.

Tarehe 27 Aprili 2011, katika Bunge la Uingereza, kipindi cha maswali kwa waziri mkuu, David Cameron aliyekuwa na cheo hicho alikuwa akijibu kuhusu mageuzi ya huduma ya afya. Akamtaja daktari aliyekuwa mbunge wa Labour, chama cha upinzani wakati ule, akasema alishindwa uchaguzi. Angela Eagle wa upinzani akawa anapaza sauti kumsahihisha: yule hakushindwa, hakugombea. Cameron akamgeukia: "Calm down, dear." Tulia, mpenzi. Akarudia, na wabunge wa upande wake wakaangua kicheko huku wa upande wa pili wakidai aombe radhi. Ofisi yake ilisema ni mzaha tu uliotoka kwenye tangazo la bima la televisheni lililowahi kuwa maarufu, na kweli tangazo hilo lilikuwepo. Lakini Eagle alikuwa sahihi. Mbunge yule hakugombea uchaguzi wa 2010. Bungeni siku ile kosa la Cameron halikujadiliwa, kilichojadiliwa ni utulivu wa Eagle. Ndivyo misemo hii inavyofanya kazi ikikaa mikononi mwa mwenye nafasi: mada inahama kutoka kwenye jambo inakwenda kwenye sauti ya aliyelisema.

"Drama queen" ndiyo iliyoenea zaidi kwetu. Nairobi na Dar es Salaam neno "drama" limeshapata uraia. Mtu anaambiwa "acha drama" na bibi kizee anaelewa. "Queen" ya msemo huu imepita katika lugha ya mashoga wa Marekani na Uingereza, waliokuwa wakiitana hivyo kwa utani na kwa kejeli, na ndiyo maana mwanamume naye anaweza kuitwa drama queen bila sarufi kulalamika. Ila si kila anayelia ni drama queen. Sharti lake ni watazamaji. Anayejifungia chumbani kulia kwa sababu ya ujumbe aliojibiwa kwa neno moja, huyo ana huzuni. Anayeupiga picha ujumbe ule, akauweka kwenye status na maneno "watu mna roho mbaya", kisha akakaa kusubiri maswali, huyo sasa anastahili taji. Kwa lugha ya mitandao ya Tanzania tungesema kamwaga povu. Tofauti ni kwamba povu linaweza kumtoka mtu mara moja na kwisha, drama queen ni tabia.

Jirani zake ni "diva" na "prima donna", yote ya Kiitaliano kutoka jumba la opera, ambako mwimbaji mkuu wa kike alisifika kwa sauti na kwa masharti. Kwa Kiingereza cha leo "prima donna" ni tusi lisilo na mjadala, na mara nyingi linamwendea mwanasoka anayejirusha akiguswa bega. "Diva" inategemea. Kwetu, msanii wa kike akiitwa diva kasifiwa, na redioni wanaitwa hivyo kila siku. Ukimpelekea sifa hiyo mfanyakazi mwenzako wa London, kwenye barua pepe, umemwambia hawezekani.

"Hysterical" nayo ina historia mbaya kuliko zote hizi. Neno limetokana na Kigiriki cha mfuko wa uzazi, kwa sababu madaktari wa kale waliamini tumbo la uzazi la mwanamke ndilo linalomvuruga akili. Imani hiyo ilichukua muda mrefu sana kufa: histeria kama ugonjwa iliondolewa kwenye mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Na kama kwamba haitoshi, Mmarekani huyohuyo anasema mchekeshaji ni "hysterical" akimaanisha anavunja mbavu. Sentensi "she was hysterical" peke yake haina jibu. Lazima ujue kama walikuwa msibani au kwenye ukumbi wa vichekesho.

Kisha akaja Karen. Mkenya akilisikia jina hili anawaza kwanza mtaa wa Nairobi, nyumba zenye uwanja mkubwa na miti, na ajabu ni kwamba wazo hilo halimpeleki mbali sana na maana ya Marekani. Karen wa mitandao ni mwanamke mzungu wa makamo, ana uwezo, na kosa dogo la mhudumu linamfanya atake kuonana na meneja. Jina halikuokotwa ovyo: mwaka 1965 Karen lilikuwa la tatu kwa umaarufu kati ya majina waliyopewa watoto wa kike Marekani, kwa hiyo kina Karen halisi walikuwa wamefika umri huohuo wa kudai meneja.

Kwa muda lilikuwa tusi la dukani tu. Mei 25, 2020 likabadilika uzito. Katika bustani ya Central Park, New York, mwanamke mzungu aliombwa na mwanamume mweusi, mtazama ndege, amfunge mbwa wake kama sheria ya eneo lile inavyotaka. Akapiga simu polisi, akasema Mmarekani mweusi anamtishia maisha. Mwanamume alikuwa anarekodi. Siku hiyohiyo, Minneapolis, George Floyd alikufa chini ya goti la polisi, na watu wakaziona video mbili kama sura mbili za jambo moja: simu ya aina ile inaweza kumalizikia na goti la aina ile. Oktoba mwaka huo halmashauri ya San Francisco ilipitisha sheria ya kuwawezesha watu kumshtaki anayeita polisi kwa ubaguzi, na herufi za jina lake zikapangwa kwa makusudi zisomeke CAREN.

Kwa hiyo Karen wa mwaka 2020 hakusemwa kwa kukuza jambo dogo tu. Alisemwa kwa kulikuza akiwa na silaha. Tangu hapo neno limetanuka mpaka limelegea. Sasa mwanamke yeyote anayerudisha chakula kilichopoa anaitwa Karen, na vijana wa kiume wanalitumia kumnyamazisha yeyote anayedai haki yake kwenye kaunta. Nadhani limeshachoka. Mama wa Mwenge aliyepigiwa hesabu mbili kwenye risiti na akadai chenji yake si Karen, ni mteja.

"Snowflake", chembe ya theluji, inapiga upande wa pili wa umri. Wazo kwamba kila chembe ya theluji ina umbo lake lilienea kwa picha za Wilson Bentley, mkulima wa Vermont aliyeanza kuzipiga chembe hizo picha kupitia hadubini mwaka 1885. Kutokana na hapo wazazi na walimu wa Marekani wakawa wanawaambia watoto: wewe ni wa pekee kama chembe ya theluji. Kejeli ikaigeuza sifa hiyo: wa pekee, ndiyo, na unayeyuka ukiguswa. Mwaka 2016 kamusi ya Collins iliiweka "snowflake generation" katika orodha yake ya maneno ya mwaka, yaani kizazi cha vijana wanaodaiwa kuumizwa na kila kitu. Neno limekaa kwenye siasa tangu hapo, hasa kinywani mwa wahafidhina. Linakwenda pamoja na "triggered", ambalo lilikuwa neno la kitabibu kwa waliopitia vita au kubakwa, kitu kinapowarudishia kumbukumbu. Mitandao ililichukua ikalifanya kicheko.

Vijana nao walijibu. Uingereza walianza kuwaita wazee wa kizungu wanaoiva uso kwa hasira za kisiasa "gammon", yaani paja la nguruwe la chumvi, kwa sababu ya rangi ya mashavu. Collins wakaliweka nalo katika orodha yao, mwaka 2018. Kizazi kimoja kinadai kingine kinayeyuka, cha pili kinadai cha kwanza kinachemka, na kila mmoja akiitwa jina lake anakasirika vilevile.

Misemo ya hofu ni tofauti na ya hasira, na hapa watu huchanganya miwili inayofanana. "Chicken Little" ni kifaranga wa hadithi ya watoto: tunda la mti limemdondokea kichwani, naye akakimbia kuwaambia wenzake mbingu zinaanguka. "Cry wolf" inatoka kwenye ngano ya Aesop, mvulana mchungaji aliyepiga kelele za mbwa mwitu kwa kujifurahisha mpaka mbwa mwitu alipokuja kweli hakuna aliyemsikiliza. Kifaranga anaamini anachosema. Mchungaji anajua anadanganya. Kumwambia mtu "you're crying wolf" ni kumwita mwongo. Kumwita Chicken Little ni kumwita mjinga mwenye moyo safi. Chagua kwa uangalifu, hasa kwenye kikao.

Na kifaranga naye wakati mwingine alikuwa sahihi. Waliopiga kelele kabla ya mwaka 2000 kwamba kompyuta zingechanganyikiwa na tarehe waliitwa majina ya aina hiyo. Saa sita usiku ilipopita salama watu wakacheka, wakisahau kwamba wataalamu wa programu walikuwa wametumia miaka wakirekebisha mifumo ili usiku ule upite salama.

"Worrywart" ni mpole kuliko wote: mtu wa wasiwasi usiokwisha. Chimbuko lake la umaarufu ni Worry Wart, mtoto wa katuni za magazetini za Marekani zilizoitwa "Out Our Way". Kichekesho ni kwamba mtoto yule hakuwa na wasiwasi wowote, aliwapa wengine. Mwingereza anapendelea "worryguts". Unaweza kumwambia mama yako hivyo akacheka.

Wataalamu wa saikolojia wana neno lao, "catastrophizing", lililoenezwa na Albert Ellis aliyeanzisha mtindo wake wa tiba katika miaka ya 1950: kukimbilia hitimisho baya kabisa. Simu ya mwanangu haipatikani, basi kapata ajali. Neno hilo linaelezea namna akili inavyokwenda, halimvunjii mtu hadhi, na ndiyo maana daktari anaweza kulitumia mbele ya mgonjwa. Kinyume chake, "you're overreacting" inasikika kama maelezo na mara nyingi ni rungu. Ikisemwa mara nyingi na mtu yuleyule kila unapolalamikia analokufanyia, Kiingereza cha sasa kina jina la tendo hilo, "gaslighting", kutoka tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938 ambamo mume anamfanya mkewe ashuku akili zake mwenyewe huku mwanga wa taa za gesi nyumbani ukipungua kweli. Merriam-Webster walilifanya neno la mwaka 2022.

Nimebakiza "first world problems", matatizo ya ulimwengu wa kwanza, kwa sababu ndio msemo pekee wa hapa unaotutaja sisi bila kututaja. Mtu analalamika kwamba kahawa yake imewekwa maziwa ya ng'ombe badala ya ya lozi, kisha anajicheka: "first world problems". Mwaka 2012 shirika la misaada la WATERisLIFE lilitengeneza tangazo ambamo watu wa Haiti, wakiwa kwenye mazingira yao ya umaskini, walisoma malalamiko ya namna hiyo yaliyookotwa Twitter: viti vya ngozi vya gari kutopashwa moto, nyumba kuwa kubwa mpaka inahitaji ruta mbili za intaneti. Lilisambaa sana, na lilikusudia kuwaaibisha waliozoea utani ule.

Mwaka mmoja kabla ya tangazo hilo, mwandishi Teju Cole, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alikuwa ameshaukataa msemo wenyewe hukohuko Twitter. Alisema ni wa uongo na una dharau. Wanigeria wanahangaika na mafuriko na vifo vya watoto wachanga, ndiyo, lakini walewale wanahangaika pia na simu ya BlackBerry isiyoshika mtandao, gharama za fundi wa gari, na aina ipi ya tambi ya kununua. Mtu wa Lagos ana haki ya kero ndogo kama mtu wa Chicago.

Ukitaka kuijaribu hoja yake, ingia kundi lolote la WhatsApp la wapangaji wa Kinondoni au Kilimani usiku intaneti inapokatika dakika kumi kabla ya fainali. Atalaumiwa mwenye nyumba, atalaumiwa kijana wa kampuni aliyekuja kufunga nyaya, atatajwa Rais. Hakuna ulimwengu wa kwanza pale. Ndiyo maana msemo huu, kati ya yote, unafaa mtu akijisema mwenyewe tu: ukiutumia kwa kero ya mwenzako unamwambia kwamba shida zake hazistahili kuitwa shida, na ukiutumia kwa kero ya Mwafrika unaongeza kwamba hata shida ndogo si za kwao.